Paka wa Fungurume ana mwenyewe, hata kama anatembea peke yake

Hapa Fungurume paka hafungwi kamba. Asubuhi anatoka nyumbani, anapita chini ya mlango wa bati, anaingia parsele ya jirani, anazunguka nyuma ya choo, anapanda juu ya ukuta wa matofali ambao haujamalizika, na saa sita ya mchana analala kivulini kando ya njia kama vile hana kwao. Jioni mama wa nyumba akianza kusonga bukari, na harufu ya ndakala ikitoka kwenye sufuria, paka yule yule amekwisha kufika mlangoni. Hakuna aliyemwita. Wakaaji wa avenyi wanajua ni wa nani, watoto wanajua, na hata mbwa wa parsele ya tatu anajua, ndiyo maana hamkimbizi tena.

Asiyejua ni mgeni.

Na mgeni huyu si mtu mbaya, hilo lisemwe mapema. Mara nyingi ni mfanyakazi aliyetoka Lubumbashi, Kinshasa, Zambia ao China kwa mkataba wa miezi kadhaa. Anapita na gari ao kwa miguu, anaona paka mwembamba mwenye vumbi jekundu mgongoni na sikio lililochanika. Huruma inamshika. Anamtia ndani ya karton, anampeleka kambini, ao anampa rafiki anayerudi Kolwezi. Usiku analala vizuri juu anaamini ameokoa roho moja. Usiku ule ule, kwenye avenyi aliyopita, kuna mama anayesimama mlangoni akimwita paka wake, na gizani hakutoki kitu.

Wengine watasema: ni paka tu, mji huu una shida kubwa kuliko hiyo. Ni kweli shida ziko nyingi. Lakini anayesema vile hajalala ndani ya nyumba yenye gunia la mahindi na panya.

Katika Lualaba, kama katika Katanga yote ya zamani, chakula cha nyumba ni bukari, na bukari ni mahindi. Unga mwingi unaoliwa katika eneo la migodi unatoka Zambia kwa kupitia Kasumbalesa, na kila mara mpaka unapofungwa ao mvua inapokosa upande ule, bei inapanda hapa. Familia inayopata mshahara mara moja kwa mwezi inanunua mfuko wa kilo 25 na kuuweka kwenye kona ya chumba. Familia yenye shamba inaweka mahindi yake ndani ya gunia ao kwenye ghala ya miti. Panya hajui kama unga ulilipiwa kwa franga ao kwa dola. Anatoboa mfuko kwa chini, anakula kidogo, anakojolea mwingi, na mama anatupa bakuli zima ambalo lingelisha watoto.

Paka ndiye mfanyakazi wa kazi hiyo. Hana mkataba, hana mshahara, anapewa mabaki ya samaki na maji, na kazi yake anaifanya usiku wakati wote wamelala. Ndiyo maana haumwoni ndani mchana. Ndiyo maana pia hafungwi: paka aliyefungwa hawezi kuwinda, na panya hawatoki ndani ya nyumba moja tu, wanatoka kwa jirani, kwa mtaro, kwa rundo la taka nyuma ya soko. Paka mmoja mzuri analinda parsele mbili ao tatu, na majirani wanajua hivyo, hata wasipomtolea chakula.

Akiondoka, nyumba inabaki na njia mbili. Ya kwanza ni kumtafuta mwingine, mdogo, na kungoja miezi mpaka ajue kuwinda. Ya pili ni sumu. Sumu ya panya inauzwa sokoni kwa bei ndogo, mara nyingi ndani ya karatasi isiyo na maandishi, na mtu anaichanganya na bukari ao na kichwa cha samaki, anaiweka chini ya kitanda. Chini ya kitanda ndipo mtoto wa miaka miwili anapotambaa. Kuku anakula, mbwa anakula, na paka wa jirani anayemla panya aliyekula sumu anaweza kufa naye. Mwenye huruma aliyebeba karton hakuwaza hata kidogo kwamba mwisho wa huruma yake ungekuwa sumu ndani ya chumba cha watoto. Lakini njia kutoka moja hadi nyingine ni fupi.

Kuna sababu jambo hili linaonekana zaidi Fungurume kuliko katika kijiji cha kawaida. Mji huu uko kwenye barabara ya taifa namba 39, kati ya Likasi na Kolwezi, na tangu mwaka 2009, wakati mgodi wa Tenke Fungurume ulipoanza kutoa shaba, watu hawajaacha kuingia. Kompanyi ya Wamarekani Freeport-McMoRan ikauza fungu lake mwaka 2016 kwa China Molybdenum, inayoitwa leo CMOC, na Gécamines ikabaki na asilimia 20. Kila mabadiliko yakaleta watu wapya: mainjinia, madereva, wapishi, wachuuzi, wachimbaji wadogo, na jamaa zao. Kuna avenyi ambamo miaka kumi na mitano iliyopita kila mtu alimjua mwenzake, na leo nyumba tatu kati ya tano ni za kupanga.

Katika mji wa namna hiyo, mali inajulikana kwa njia mbili ambazo hazisikilizani. Njia ya mgeni ni alama: ukuta, kufuli, karatasi, namba, ukanda shingoni. Kitu kisicho na alama, kwake, hakina mtu. Njia ya mwenyeji ni ushuhuda: mali ni yako juu majirani wanajua ni yako. Mbuzi wa mama fulani, mwembe wa babu fulani, paka wa nyumba ile yenye mlango wa bluu. Hakuna aliyeandika, na hakuna anayebisha. Ushuhuda huu una nguvu sana, lakini una udhaifu mmoja: haumsaidii mtu ambaye hakuuliza.

Inchi hii inalijua kosa hilo katika ukubwa mwingine. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa mfalme Leopold wa pili ulitoa amri kwamba ardhi zisizo na mtu zihesabiwe kuwa mali ya serikali. Waliokuja kuzitazama hawakuona ukuta wala karatasi. Shamba lililopumzishwa miaka mitano ili udongo upate nguvu lilionekana pori. Mahali pa kuwinda, pa kuokota uyoga na viwavi, palionekana tupu. Wazee wangeweza kuonyesha mipaka kwa mti na kwa kilima, lakini hawakuulizwa. Bila shaka paka si ardhi, na mtu mwenye karton si Leopold. Mmoja alitaka kuchukua, mwingine anataka kusaidia. Jicho tu ndilo linalofanana, jicho linaloona kitu bila alama na kusema: hakina mwenyewe.

Hata mahali ambapo alama ziko nyingi, kosa halijaisha. Uingereza, tangu tarehe 10 Juni 2024, sheria inalazimisha kila paka wa nyumbani aliyefikisha wiki 20 awekewe chini ya ngozi chipu ndogo yenye namba, na veterinere mwenye mashine anaweza kuisoma na kumjua mwenye paka. Sababu mojawapo ni hii hii: paka wanatembea, watu wema wanawaokota, na familia zinatafuta. Mashirika ya kulinda paka kule yana ushauri mwingine usiohitaji mashine. Mtu akiona paka mgeni anamfunga shingoni ukanda wa karatasi unaokatika kwa urahisi, wenye swali na namba ya simu: kama huyu ni wako, tupigie. Paka anarudi kwao na barua. Kama siku chache zinapita bila jibu, hapo ndipo mtu anaanza kufikiri kwamba labda hana kwao.

Huko Lamu, pwani ya Kenya, mji wa kale ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, paka wanalala vichochoroni na kwenye ngazi za mawe, na wavuvi wakirudi wanakuta kikundi kinawangojea. Mtalii anayeshuka mara ya kwanza anaona mji uliojaa paka waliotupwa. Mwenyeji anaona paka wa mtaa, ambao hawana nyumba moja lakini wana watu. Uturuki ililitia jambo hilo ndani ya sheria: mwaka 2004 iliamriwa kwamba mnyama wa barabarani achanjwe, azuiwe kuzaa, halafu arudishwe pale pale alipokamatwa. Mwezi wa saba 2024 bunge la inchi ile likabadilisha mambo kwa upande wa mbwa na kuamuru wakusanywe na kufungiwa, na watu wengi wakaingia barabarani kupinga. Walikuwa wanatetea mbwa ambao kwa karatasi si wa mtu.

Jambo moja dogo kuhusu sikio, juu linawadanganya wengi. Katika miji ambako paka wa barabarani wanafanyiwa operesheni ya kuwazuia kuzaa, munganga anakata ncha ya sikio moja, kwa mstari ulionyooka, ili paka yule asikamatwe mara ya pili. Mgeni anaiona kuwa jeraha. Sikio lililochanika ovyo ni habari nyingine: ni vita vya usiku na dume la avenyi ya pili, na kila dume la Fungurume lililofikisha miaka mitatu linayo. Ni kovu la kazi na la mapenzi, halionyeshi kwamba alitupwa. Wembamba pia haushuhudii mengi. Paka anayewinda anakuwa mwembamba, na wale wanene wa kwenye picha za simu ni wa inchi ambazo paka analishwa na kulala kwenye kiti.

Wenye paka na mbwa nao wana neno la kusikia, na si neno tamu. Mbwa akikamata mwizi, kila mtu wa parsele anasema: huyu ni mbwa wetu. Mbwa yule yule akimuuma mtoto wa shule, hana mtu tena. "Si wa kwetu, anapitaga tu." Neno hilo linasemwa ili kukwepa kulipa hospitali, na linaeleweka, maisha ni magumu. Lakini anayelisema leo asishangae kesho mbwa wake akihesabiwa kuwa wa barabarani. Majirani walioshuhudia kwamba ni wake wamesikia pia alivyomkana.

Kwa upande wa mbwa jambo linakuwa zito zaidi, juu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wengi hapa wanauita raji. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa vyote vya watu, asilimia 99, vinatoka kwa mbwa, na kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa ugonjwa unakatika njia. Watawala wanapoogopa, dawa inayowajia haraka kichwani ni nyingine: kuua mbwa wote wanaotembea. Barua za utawala zinaita hali hiyo kwa Kifaransa divagation, wanyama wanaotembea ovyo, na ndani ya neno hilo mbwa mwenye kwao na mbwa asiye na kwao wanalala pamoja. Kuua hakujamaliza raji mahali popote. Nafasi ya mbwa waliouawa inajazwa na wengine, wadogo, wasio na chanjo, na mwenye mbwa mzuri anamficha ndani siku ya munganga kufika.

N'Djamena, mji mkuu wa Chad, ilionyesha upande wa pili. Mwaka 2012 zilitangazwa siku za chanjo ya bure, na mbwa zaidi ya 18,000 wakaletwa; mwaka 2013 wakaletwa zaidi ya 22,000. Mgeni aliyetembea katika mji ule angeapa kwamba ni mbwa wa barabarani. Siku ya chanjo wakaja wakivutwa na kamba, na waya, na vitambaa, na mara nyingi waliowavuta walikuwa watoto. Mwanzoni mwa 2014 maambukizo kati ya mbwa wa mji yakakatika kwa miezi kadhaa, mpaka ugonjwa ulipoingia tena.

Kwa hiyo mgeni wa Fungurume mwenye moyo mwema afanye nini? Kazi ya kwanza ni ya mdomo. Asimame mbele ya parsele iliyo karibu, asalimie, aulize: "Jambo mama. Samahani, huyu paka ni wa nani?" Mara nyingi jibu linatoka kabla swali halijaisha, na pamoja na jibu linatoka jina la paka, umri wake, na habari ya panya wangapi aliua wiki iliyopita. Kama mama hajui, watoto wa kwenye bomba la maji wanajua. Kama watoto hawajui, kuna shefu wa avenyi. Haiombi zaidi ya dakika kumi, na inamlinda mgeni mwenyewe. Mtu asiyejulikana anayebeba mnyama wa watu ndani ya karton, jioni, bila kusema neno, anaweza kuonekana mwizi ao mtu wa uchawi. Kundi likisha kukusanyika, maelezo ya huruma yanachelewa kusikilizwa, zaidi sana kwa lugha ambayo kundi halielewi.

Kumlisha bila kuuliza nako kuna hesabu yake. Paka anayeshiba kambini saa kumi na moja ya jioni harudi kuwinda saa mbili ya usiku. Kidogo kidogo anahama, na aliyemhamisha anafikiri paka ndiye aliyechagua.

Watoto wa paka ndio wanaoleta kosa baya zaidi. Mtu anawakuta wanne nyuma ya rundo la matofali, wanalia, macho hayajafunguka vizuri. Anasema mama yao amewatupa, anawabeba. Lakini mama ameenda kuwinda, ao amesimama mita ishirini akingoja mtu yule aondoke. Ni afadhali kujisogeza mbali na kungoja saa kadhaa. Wadogo wa umri ule wanahitaji joto la mama na maziwa yake. Maziwa ya ng'ombe ya kopo yanawaharisha, na wengi wanakufa mikononi mwa watu waliotaka waishi. Na atakayemgusa mnyama asiyemjua, paka ao mbwa, akiumwa ao akikwaruzwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 bila kufupisha, halafu aende hospitali siku ile ile kuuliza chanjo.

Paka waliotupwa kweli wapo, ingekuwa uongo kukana. Mji wa mikataba unaacha wanyama nyuma. Mkataba unaisha, familia inapakia magodoro juu ya lori, inarudi Likasi ao Lubumbashi, na paka anabaki kwenye kizingiti cha nyumba ambayo wapangaji wapya wana mbwa. Paka anashika mahali kuliko anavyoshika watu. Hata akipelekwa nyumba mpya ndani ya mji ule ule, anaweza kurudi ya zamani asipofungiwa ndani kwa wiki chache za kwanza. Anayehama na amwachie jirani kwa jina, mbele ya watu, kama vile anavyomwachia ufunguo. Na mgeni anayemchukua paka wa namna hiyo, baada ya kuuliza na kuambiwa kwamba kweli hana kwao, amefanya jambo zuri, na avenyi nzima itakuwa shahidi yake.

Wenye paka nao wanaweza kumsaidia mgeni kuona. Kitambaa chembamba cha rangi shingoni, kilichoshonwa kwa uzi dhaifu ili kikatike kama kikinaswa kwenye mti, kinatosha kusema: nina kwetu. Fundi wa nguo anakitoa kwa mabaki ya kitenge bila kuomba makuta.

Kinachobaki ni cha utawala wa mji, veterinere wa serikali na kompanyi ambazo wafanyakazi wake ndio wageni wanaozungumzwa hapa. Kambi zinazomfundisha kila anayefika kuvaa kofia na viatu vya kazi zinaweza kuongeza sentensi moja siku ya kwanza, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kichina: wanyama walio nje wana wenyewe, uliza kabla ya kubeba. Na kabla ya barua yoyote ya kukamata wanyama wanaotembea, itangazwe kwanza siku ya chanjo. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Meza moja chini ya mwembe karibu na soko, veterinere mmoja, sanduku la baridi la chanjo, na daftari la kuandika jina la mwenye mnyama, avenyi na namba ya simu. Watoto watawaleta kwa kamba.